Sinema «Benda Bilili!» na kinga za vilema

Juzi tulitazama pamoja na vijana wa parokia sinema «Benda Bilili!» ya Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de la Tullaye, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010. Inafuata kundi la wapiga muziki wa Kinshasa, wengi wao vilema sababu ya polio, pamoja na mutoto wa barabarani, Roger Landu, mwenye kupiga uzi mumoja uliofungwa kwa kopo.

Vijana wengine walilia. Mimi niliangalia kinga za magurudumu matatu. Mafundi wa kwetu ndio waliounga vyuma vile kwa moto, kwa kipimo cha mwenyewe. Zinaendeshwa kwa mikono, zinabeba mizigo. Uzuri wa sinema ni hapo: kinga ni chombo cha kazi, si zawadi ya huruma. Hata kwenye muto, vilema walivusha bidhaa mpaka Brazzaville juu ya kinga kubwa, kwa kuwa walilipa nauli ndogo, na wachuuzi wazima wakawatafuta. Walitafuta mutu, ao nafasi ndani ya kinga? Ulizo hilo nilitamani sinema ikae nalo.

Tena, waliokamata mashini ya picha ndio waliosaidia kundi kurekodi. Anayesaidia anasimulia musaada wake mwenyewe, na hadisi inaisha na furaha ya Ulaya. Mwaka 2013 kundi likagawanyika.

Lakini nani atawahukumu? Katika parokia moja nilimotumika, kiti cha magurudumu kilitoka Ulaya. Tulimupa mama mumoja mbele ya watu wote, picha ikapigwa. Magurudumu madogo ya mbele yalikuwa ya kupita juu ya simenti. Kwa muchanga wa njia yetu yakavunjika juma lile lile. Akarudilia kinga yake ya zamani. Hakuna aliyemuuliza mbele, hata mimi, ingawa Yesu alimuuliza kwanza yule kipofu wa Yeriko anataka nini.

Kodi ya Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni 984, ilimufungia njia ya upadri mwenye kilema asiyeweza kuhudumu altareni inavyofaa. Ile ya 1983 haina tena neno hilo. Ngazi zetu zingali pale. Wakati wa Misa kinga ya mama yule inabaki chini ya muembe, na vijana wawili wanamubeba mpaka kwa benchi. Aliomba mutelemko wa simenti, mifuko mitatu tu. Halmashauri ya parokia ikaweka neno lake kwa mukutano wa kiisha Pasaka.