Sifa za Anayetazama

Baridi ya Juni huko Mafinga na Tukuyu humleta mgonjwa zahanati akiwa amejitanda blanketi hadi masikioni. Tabibu hodari hamharakishi. Humsogeza dirishani penye mwanga wa jua: "Shikamoo mama, naomba utazame juu." Kisha hushusha kope la chini kwa kidole gumba. Nyama ya ndani ikiwa imepauka, damu imepungua, na maswali yanaanza: malaria, minyoo, au hedhi nzito?

Ninachokisifu hasa ni uwezo wa kutenganisha vinavyofanana. Mkulima wa mpunga wa Mbarali aliyeshinda juani miaka mingi huwa na madoa ya manjano na kahawia kwenye weupe wa macho, ila hukaa pale tu jua na vumbi vinapofika. Mwinulie kope la juu huku akitazama chini: palipofichwa ni peupe. Manjano ya ini huenea kote, hata chini ya kope. Usiku, chini ya taa yenye mwanga wa njano, hata mjuzi huweza kupitwa nayo. Ndiyo sababu ya dirisha.

Kinywani na kooni kazi ni ngumu zaidi, maana ulimi hubisha. Utafiti wa kitaifa wa 2007–2008 ulikuta asilimia 15.7 ya watu wa Iringa wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Kinywa mara nyingi kilitangulia kipimo kuonyesha maambukizi hayo. Utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu ni fangasi. Weupe wa ubavuni mwa ulimi usiofutika ni jambo jingine. Doa la zambarau kwenye kaakaa, hata kama haliumi, huenda ni saratani ya Kaposi.

Namheshimu pia tabibu anayekiona kimeo kirefu akakiacha. Wazazi huambiwa ndicho kinachomkohoza mtoto, na wapo watoto waliokatwa kimeo wakavuja damu vibaya. Tabibu huyo husikiliza kifua.

Lakini alama niipendayo kuliko zote imo ndani ya shavu, mkabala na magego. Henry Koplik, daktari wa watoto wa New York, aliieleza mwaka 1896: vidoa vyeupe juu ya wekundu, vidogo kama punje za chumvi, vinavyotangulia vipele vya surua kwa siku moja au mbili. Surua huweza kumpofusha mtoto aliyepungukiwa vitamini A. Aliyeviona vidoa hivyo humtoa mtoto kwenye foleni ya wenzake, humpa vitamini A leo na kesho, humkagua macho kwa tochi kama yameanza ukungu, kisha humuuliza mama ni watoto wangapi wengine wamebaki nyumbani, na nani kati yao hajachanjwa.