Harusi Imesogezwa Wapi?

Waandishi chipukizi wenzangu, msikicheke kitenzi "prepone". Wajuaji hudai ni Kiingereza cha Wahindi tu. Haya, na kiwe chao! "Postpone" ni kuahirisha. India wakashika kinyume chake: mkutano wa Ijumaa sasa ni Jumatano. Kamusi ya Oxford imekiingiza.

Waingereza wenyewe husema "bring forward", kuleta mbele. Mfasiri akifuata neno kwa neno, kaumia: kwetu harusi ikisogezwa mbele, watu wanaelewa imeahirishwa! Hadithini, bwana harusi atafika wageni wameshakula, wameshaondoka.

Kumbe tunacho kitenzi safi: kuwahisha. Harusi imewahishwa, basi. Tukiandike bila haya, kama Wahindi walivyofanya na chao.