Kibati cha Mota: Mistari na Kimya Chake

Kibati cha chuma ubavuni mwa mota ni utungo wenye masharti makali kuliko tarbia. Tusome kimoja cha kawaida, cha mtindo wa Ulaya, kama ambacho mwenye mashine ya kusaga mahindi huko Masisi, mashariki mwa Kongo, angekifuta vumbi ili akisome: 7,5 kW, 1450 min⁻¹, 50 Hz, Δ 380 V / Y 660 V, 15,4/8,9 A, cos φ 0,84.

Hakuna kitenzi. Wakati wake ni mmoja tu, wa mota iliyokwisha kushika mwendo. Nguvu ya kuzungusha msomaji huitafuta mwenyewe: kilowati mara 9550, gawanya kwa mizunguko ya dakika, na hapa anapata karibu newtoni-mita 49. Hiyo ni nguvu ya kazini. Ile ya kuondoka, mhimili ukiwa bado umesimama, imeachwa kwenye katalogi. Katalogi za Kifaransa huiweka chini ya Md/Mn, yaani ni mara ngapi ya ile ya kazini. Ikiandikwa 2, mota inaondoka na newtoni-mita 98 hivi.

Mstari wa volti ndio mzito kuliko yote, ingawa wengi huupita haraka. Mota nyingine yenye kilowati zilezile inaweza kuandikwa Δ 220 / Y 380. Kwenye umeme wa 380 hiyo ya pili hufungwa nyota (Y) tu, siku zote. Yetu inaweza kuanza kwa nyota kisha ihamie pembetatu (Δ), na ikiwa kwenye nyota mkondo wa kuondoka hushuka hadi theluthi. Ila nguvu ya kuondoka nayo hushuka hadi theluthi: 98 inakuwa 33, chini hata ya ile ya kazini. Mashine ya kusaga haidhuriki, kwa kuwa huwashwa tupu na mahindi humwagwa baadaye. Mashine ya kuponda mawe iliyozimika tumbo likiwa limejaa itanguruma tu pale pale.

Huko Walikale, jirani na Masisi, kimya cha kibati kuhusu kuondoka kina gharama. Kwenye mgodi wa Bisie, ambako kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha bati kibiashara mwaka 2019, umeme unatoka kwenye jenereta za dizeli. Kibati kinaandika 380 kana kwamba volti hazitikisiki. Mota inayoondoka moja kwa moja huvuta mara tano hadi nane ya mkondo wake wa kazi. Jenereta ndogo ikilegea hadi asilimia 80 ya volti, nguvu ya kuondoka hubaki asilimia 64, maana hufuata mraba wa volti. Wengi hukimbilia mota kubwa zaidi. Dawa hiyo naiona mbaya: mota kubwa huvuta mkondo mkubwa zaidi, na volti zinazidi kuzama. Afadhali mota ya kundi H katika kanuni ya IEC 60034-12, iliyoundwa kwa kuondoka na mzigo, au kifaa cha kubadilisha masafa ya umeme.

Vibati vya Marekani vya mtindo wa NEMA vinasema zaidi: herufi moja ya aina ya mota, nyingine ya ukubwa wa mkondo wa kuondoka. Bahati mbaya, vingi vimeandikwa kwa hezi 60, na Kongo hutumia 50.