Geti Lililofungwa Ngoingwa

Watu wa Kenya walihesabiwa Agosti 2009, na matokeo yakatangazwa tarehe 31 Agosti 2010, mwaka mzima baadaye. Sensa iliyofuata ilianza usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, na kufikia tarehe 4 Novemba Wakenya walikwisha kuambiwa kwamba wako 47,564,296, wakiwemo 2,417,735 wa Kaunti ya Kiambu. Kazi ya mwaka ilimalizwa kwa miezi miwili na ushei.

Kilicholeta tofauti hiyo ni tableti. Zilikuwa zaidi ya 164,000, zilizounganishwa humu nchini na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JKUAT, chuo kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Wengi wamesifu kasi yake. Mimi naona faida kubwa zaidi iko mlangoni pa mwananchi. Enzi za karatasi, fomu zilijazwa, zikasafirishwa, zikapitishwa kwenye skana, na kosa likagunduliwa miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna tena wa kuulizwa. Programu iliyo ndani ya tableti inaweza kukagua jibu papo hapo: mama wa miaka 24 akiandikiwa mtoto wa kumzaa wa miaka 19, karani anaulizwa tena kabla hajaendelea.

Ila ukaguzi huo unamhusu aliyeandikwa tu. Aliyeachwa hauna habari naye, na hapo ndipo mtaa kama Ngoingwa, nje kidogo ya mji wa Thika, unapokuwa mgumu. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mwaka 2019 serikali iliamuru baa zifungwe mapema jioni hiyo ili watu wawe nyumbani. Lakini karani ana siku chache za kupita mlango kwa mlango, na mpangaji anayefanya kazi Nairobi huondoka alfajiri na kurudi usiku. Geti limefungwa, na bawabu hajui idadi ya waliolala ndani.

Wataalamu wa takwimu wana njia ya kukadiria walioachwa: kuhesabu mara mbili. Tuseme sensa imepata watu 900 katika eneo fulani. Timu nyingine, isiyoijua orodha ya kwanza, inarudi na kupata watu 500, na majina yakilinganishwa, 450 kati yao wamo katika orodha ya sensa. Basi sensa ilimpata mtu mmoja mmoja kwa uwezekano wa asilimia 90, na 900 ukigawanya kwa 0.9 unapata 1,000. Watu 100 waliachwa. Ni hesabu ya darasa la nane, na inamhesabu hata mtu ambaye timu zote mbili hazikumwona.

Sharti lake ni zito: kupatikana mara ya kwanza kusiathiri kupatikana mara ya pili. Ngoingwa sharti hilo linavunjika. Geti lililomzuia karani wa kwanza litamzuia na wa pili, kwa sababu mpangaji ni yuleyule na saa zake za kazi ni zilezile. Kukiwa na watu 100 zaidi nyuma ya mageti kama hayo, hesabu itaendelea kutoa 1,000 ilhali wakazi ni 1,100, na hakuna namba yoyote ndani yake itakayoonyesha upungufu huo.

Wanatakwimu Chandra Sekar na Deming waliliona tatizo hili mwaka 1949 walipokuwa wakikadiria vizazi na vifo nchini India. Walishauri watu wagawanywe katika makundi yanayofanana, kila kundi lifanyiwe hesabu yake, kisha majibu yajumlishwe. Huku kwetu ingekuwa kuwatenga wanaoishi ndani ya mageti na wanaoishi katika ploti zilizo wazi, wapangaji na wenye nyumba, badala ya kuichukua Thika nzima kama mji mmoja. Hata hivyo, ndani ya kundi moja bado kuna anayeshinda nyumbani na asiyeonekana kabisa mchana, kwa hiyo njia hii hupunguza kosa bila kuliondoa.

Dawa yenye nguvu zaidi ni orodha ya tatu inayotengenezwa bila kubisha mlango wowote, kwa mfano ya mita za maji au za stima. Mita husomeka hata mwenye nyumba akiwa kazini. Inataja nyumba, haitaji watu, kwa hiyo haitoshi kuwahesabu wakazi. Lakini ingeonyesha ni mageti gani yenye matumizi ya kila mwezi na ambayo makarani wote wawili waliandika kuwa hayana mtu.