Jina «Mang'ati» na Fundisho la Kupenda Adui

Kila mwalimu afundishaye katika nchi za Mbulu na Hanang hulisikia neno Mang'ati. Hutamkwa sokoni na barazani, na hata ramani huuandika Uwanda wa Mang'ati karibu na mlima Hanang. Watu waitwao hivyo ni Wadatoga, hasa tawi lao la Barabaig. Lakini wao hawakujipa jina hilo. Neno ni la Kimasai, na maana yake ni adui. Wamasai waliwaita hivyo katika siku za kugombea malisho, walipowaondoa Ngorongoro katika karne ya 19. Nacho Kiswahili kikalipokea pasipo kuuliza maana.

Twalishitaki neno hili kwa kuwa laharibu kazi ya mwalimu. Asomaye Mathayo 5, mstari wa 44, juu ya kuwapenda adui, kisha akawaita jirani zake Mang'ati, amekwisha kuwahukumu kabla hajawapenda. Mwiraqw aliyeibiwa ng'ombe usiku, au aliyemzika ndugu aliyechomwa mkuki, hahitaji jina ili aujue uchungu wake, hilo twalikiri. Walakini jina hilo lawatia wote, wazee na watoto wachanga, katika hatia ya yule mmoja aliyeushika mkuki.

Mwalimu aweza kudhani ni hila njema kuusimulia mfano wa Luka 10 na kumweka Mmang'ati mahali pa Msamaria. Sisi hatukubali. Msamaria lilikuwa jina la watu, nalo lilichukiwa. Mang'ati ni chuki yenyewe iliyofanywa jina. Tena tuangalie jinsi yule mwanasheria, alipoulizwa ni nani aliyekuwa jirani, alivyomtaja mtu kwa tendo lake tu, asilitamke jina la kabila lake. Bwana ndiye aliyelitamka. Basi mwalimu na aseme Mdatoga, waziwazi.

Katika vitabu, George Klima alitutangulia kwa adabu hii. Kitabu chake cha mwaka 1970 chawaita Barabaig, wala hakifichi kwamba kuua adui kulimletea kijana sifa na zawadi za ng'ombe. Lakini Klima huyo huyo aliandika habari za baraza la wanawake, girgwageda gademga, lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyewakosea na kumtoza faini. Watu wenye baraza la namna hii hawawezi kuitwa watu wasio na sheria. Aghalabu wahubiri hukumbuka mkuki, baraza wakalisahau.

Nayo saburi huhubiriwa nusu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, mashamba ya ngano yalitwaa ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Barabaig pande za Basotu, hata makaburi ya wazee wao yakalimwa. Kijiji cha Mulbadaw kiliposhitaki, Mahakama ya Rufani ilikikatalia mwaka 1985, na miongoni mwa sababu ni kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wenyeji, ati! Amwambiaye Mwiraqw avumilie kuibiwa ng'ombe, na asiwe na neno kwa Mbarabaig aliyenyang'anywa malisho, ameifanya saburi kuwa dawa ya kabila moja.

Mstari wa 45 wa sura ile ile wasema kwamba Mungu huliangazia jua lake wabaya na wema. Msikilizaji wa Mbulu aweza kuushika mstari huu upesi kuliko msomi wa Ulaya. Kwa Kiiraqw Mungu ni Looaa, kwa Kidatoga ni Aseeta, na majina yote mawili ni ya jua. Hatujui nchi nyingine ambako mahasimu wawili, kila mmoja kwa lugha yake, wamewekewa mstari huo tayari kinywani. Mwalimu aogopaye harufu ya ibada ya kale na aogope, lakini asiupoteze mlango huu.

Huko Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri ilifunguliwa mwaka 1955, hukutana wasemao Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza na lugha za Kibantu, yaani jamaa nne za lugha zisizo na undugu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo Mdatoga angojaye hapo zamu yake aelewa vema anapoitwa adui, na mwalimu wa Injili ni mmoja wa wamwitao.