Treki si Wimbo: Tatizo la Istilahi za Kunasa Sauti Nyumbani

Miongoni mwa tafsiri zilizopata kupita mezani pangu ni ya kijitabu cha maelezo ya kinasa sauti cha kaseti chenye treki nne, chombo kilichokusudiwa wanamuziki wanaotaka kunasa kazi zao nyumbani. Sarufi ya tafsiri hiyo ni safi. Hata hivyo, mfasiri ameandika kwamba kaseti "huchukua nyimbo nne". Mwanamuziki atakayemwamini atanasa nyimbo nne mbalimbali, kisha atazisikia zote zikilia kwa pamoja.

Chanzo cha kosa ni dhahiri. Katika santuri, treki ni wimbo mmoja. Katika chombo hiki, treki ni sehemu nyembamba ya utepe, iendayo sambamba na wenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Kaseti ya kawaida ya stereo ina treki nne: mbili za upande wa kwanza na mbili za upande wa pili. TEAC 144, iliyotolewa mwaka 1979, ilizitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja, kwa mwendo wa sentimita 9.5 kwa sekunde, yaani maradufu ya mwendo wa kawaida. Kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ilitosha dakika 15 tu, wala haikufaa kugeuzwa.

Faida yake ni kwamba mtu mmoja aliweza kunasa gitaa kwanza, kisha akalisikiliza huku akinasa sauti yake katika treki nyingine. Ndivyo alivyofanya Bruce Springsteen nyumbani kwake New Jersey, mwanzoni mwa 1982, kwa chombo hichohicho na maikrofoni mbili. Kaseti aliyoikusudia iwe kielelezo tu kwa bendi yake ikawa santuri ya Nebraska mwaka uleule.

Basi treki tuiiteje? "Mkondo" hautufai, kwani tayari ni istilahi ya umeme, na chombo chenyewe ni cha umeme. "Njia" yafaa tuiweke akiba kwa chaneli, yaani mahali sauti inapopita kutoka maikrofoni kuelekea kwenye utepe. Vitu hivi viwili havina budi kutofautishwa, maana njia moja yaweza kupeleka sauti kwenye treki yoyote. "Mfuo" waelekea santuri, ambayo huchimbwa, utepe hauchimbwi.

Napendekeza "mlia". Kila mtoto aliyeona picha ya punda milia anajua kwamba milia hukaa sambamba bila kuchanganyika.

Vilevile, mfasiri huyo ameita "kudunda" kitendo cha kuchanganya milia mitatu na kuinasa katika wa nne, ili ile mitatu ipate kutumika tena. Mpira hudunda; sauti haidundi. "Kukusanya" ni bora, kwani hudokeza pia hatari yake: mitatu ikishafutwa, sauti zilizokusanywa hazitenganishiki tena.

Pengine patakuwa na pingamizi kwamba milia ya utepe haionekani kwa macho, na kwamba kaseti zenyewe zimepitwa na wakati. Lakini programu za kompyuta za kunasia sauti zimerithi dhana hii, na katika kioo huichora treki kama milia iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Chombo kimebadilika, dhana ingali inasubiri jina. Wasomaji wenye neno bora zaidi wanaombwa walilete.