Kompyuta ya Baiskeli kama Chombo cha Utafiti: Uhakiki wa Vigezo vya Uteuzi katika Makazi ya Nakivale na Oruchinga

Utangulizi

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Oruchinga, wilayani Isingiro, kusini mwa jiji la Mbarara, baiskeli ni chombo cha kazi: hubeba madumu ya maji, matoke, mkaa na abiria. Mtafiti anayepima umbali wa kufikia huduma huona ni jambo jepesi kufunga kwenye usukani kompyuta ndogo yenye GPS. Uteuzi wa kifaa hicho kwa kawaida huongozwa na usahihi, betri na bei. Uhakiki huu unadai kuwa vigezo hivyo ni vya lazima ila havitoshi. Kinachopaswa kutangulia ni swali la nani atakayeishika rekodi ya safari, na iwapo mwendesha baiskeli ameelewa anachokiridhia.

Kifaa na mtumiaji aliyekusudiwa

Tangu Marekani ilipoacha kuivuruga kwa makusudi ishara ya kiraia ya GPS, Mei 2000, kipokezi cha kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita chache tu. Udhaifu uliobaki umo katika dhana iliyokiunda kifaa. Kompyuta za aina ya Garmin Edge zimesanifiwa kwa ajili ya mwanamichezo, ambaye kwake kusimama ni muda uliopotea. Ndiyo maana zina uwezo wa kusitisha rekodi zenyewe baiskeli inaposimama. Kwa mchota maji anayengoja zamu bombani, kusimama ndiko habari yenyewe. Hata anayesukuma mzigo mlimani aweza kuhesabiwa kuwa amesimama. Mtafiti asiyeuzima uwezo huo ataripoti safari fupi kuliko iliyosafiriwa, na mshauri wa sera atahitimisha kuwa maji yako karibu. Vilevile, kurekodi kila sekunde kuna manufaa zaidi kuliko kukiachia kifaa kiamue nukta ipi ihifadhiwe.

Mmiliki wa rekodi

Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia ya mienendo ya watumiaji wake; Januari 2018 ikabainika kuwa ramani hiyo, isiyo na jina la mtu, ilichora maumbo ya kambi za kijeshi. Ikiwa askari walifichuliwa na takwimu za jumla, mstari wa mkimbizi mmoja, unaoanza na kuishia mlangoni pake kila siku, hauhitaji jina. Kwa aliyemkimbia mtu anayemjua, hilo ni suala la usalama wa maisha. Hivyo kifaa kinachofaa ni kile ambacho faili zake, FIT au GPX, hutolewa kwa waya bila kupitia akaunti ya mtengenezaji, na ncha za kila safari zikatwe kabla ya data kushirikishwa.

Lugha ya ridhaa

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai ridhaa, na ridhaa hukaa katika lugha. Wakazi wengi waliotoka mashariki ya Kongo huiita baiskeli “kinga”. Fomu ya Kiswahili sanifu inayoahidi “kinga ya taarifa” yaweza basi kumfikia msomaji kama habari ya baiskeli, na ahadi iliyo muhimu kuliko zote ikapotea. Tafsiri iliyo sahihi kisarufi si lazima iwe imeeleweka. Inafaa mhojiwa aoneshwe mstari wa safari ya mtafiti mwenyewe kwenye ramani, kisha aeleze kwa maneno yake kifaa kinaandika nini.

Hitimisho

Kamati za maadili zinazopitia tafiti za aina hii zidai mambo matatu kabla ya ununuzi: mipangilio ya kurekodi, njia ya faili kutoka kwenye kifaa, na fomu ya ridhaa iliyojaribiwa kwa wasemaji wa Kiswahili cha makazi yenyewe. Bei ijadiliwe baada ya hapo.